Tatizo Limo Darasani: Shajara ya Mradi wa Utafiti Tendaji kwa Walimu wa Kiingereza, Tanga

Januari, wiki ya kufungua shule

Mradi umeanza. Lengo lake ni kuwasaidia walimu wa somo la Kiingereza wa shule za sekondari za Jiji la Tanga, pamoja na wachache wa shule za msingi waliojiunga kwa hiari, wafanye utafiti tendaji, yaani mwalimu achunguze ufundishaji wake na kile kinachotokea akiubadilisha, ndani ya madarasa yao wenyewe. Sehemu niliyokabidhiwa mimi ni ya mwanzo kabisa, nayo ni kumsaidia kila mwalimu achague tatizo la kulitafiti. Wapo waliouliza kwa nini sehemu hiyo itengewe muhula mzima ilhali kichwa cha utafiti huandikwa kwa mstari mmoja. Jibu langu ni kwamba tafiti nyingi za walimu hukwama hapo hapo mwanzoni, ila mwenyewe huja kutambua baadaye, akiwa ameshagawa madodoso na kuyakusanya na sasa hajui ayafanyie nini.

Kwa kuwa shajara hii itasomwa na wasimamizi na walimu wenyewe, simtaji mtu wala shule kwa jina. Nitamtambulisha kila mwalimu kwa darasa analofundisha au kwa upande wa jiji anakotoka.

Kikao cha kwanza kilifanyika Jumamosi asubuhi huko Ngamiani, katika chumba cha maktaba tulichoazimwa na shule mojawapo. Niliwaomba walimu waandike kwenye karatasi tatizo ambalo kila mmoja angependa kulitafiti. Mmoja aliandika kwamba uwezo wa wanafunzi katika Kiingereza ni mdogo. Mwingine akaandika uhaba wa vitabu vya kiada. Kadhaa walitaja mwamko mdogo wa wazazi, na mmojawao akaongeza utandawazi bila kueleza unahusikaje. Mwalimu kijana aliyemaliza chuo kikuu hivi karibuni alileta kichwa kizima kwa mtindo wa tasnifu: athari za matumizi ya nyimbo katika ufundishaji wa msamiati wa Kiingereza katika shule za sekondari za Jiji la Tanga.

Nilizipitia karatasi zote jioni. Katika karibu zote anayetenda, au anayeshindwa kutenda, ni mwanafunzi, mzazi au serikali, mwalimu hayumo. Siwalaumu, kwa sababu mizigo waliyoitaja ni ya kweli. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma masomo yake kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu, kisha anapoingia kidato cha kwanza anafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza karibu katika kila somo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024 baada ya kupitishwa kwa Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, unawaanzishia watoto Kiingereza mapema zaidi, lakini walioko sekondari hivi sasa walikwisha kupita kabla ya mabadiliko hayo. Mwalimu wa kidato cha kwanza anawapokea jinsi walivyo. Hata hivyo, tatizo ambalo mwalimu hayumo ndani yake ni vigumu kulifanyia utafiti tendaji, kwa kuwa kinachotafitiwa katika utafiti wa aina hii ni kitendo cha mwalimu na kile kinachotokea akikibadilisha.

Januari, mwishoni

Tumetumia kikao cha pili kueleza utafiti tendaji ni nini, kwa kifupi, maana walimu wengi waliusoma chuoni na wanachohitaji ni kukumbushwa. Kurt Lewin, mwanasaikolojia Mjerumani aliyehamia Marekani, aliueleza katika makala yake ya mwaka 1946 kuwa ni kazi inayokwenda kwa duru za kupanga, kutenda na kutafuta ukweli kuhusu matokeo ya kitendo. Stephen Corey wa Chuo Kikuu cha Columbia akausogeza shuleni katika miaka ya 1950. Nchini Uingereza Lawrence Stenhouse alitetea hoja kwamba mwalimu awe mtafiti wa darasa lake, na huko Australia Stephen Kemmis na Robin McTaggart wakachora ile duru ya kupanga, kutenda, kuchunguza na kutafakari ambayo walimu karibu wote waliikumbuka mara tu nilipoichora ubaoni.

Mwalimu mmoja wa kidato cha tatu, mtu mzima mwenye miaka mingi kazini, aliuliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoufungua mradi huu: “Sasa mwalimu, sisi tunaingilia wapi kwenye hiyo duru?” Mchoro unaanza na kupanga, na ndiyo sababu walimu hufika na mpango mkononi kabla hawajaangalia kitu chochote. Lewin mwenyewe alisisitiza kwamba kabla ya mpango kuna kazi ya kuchunguza hali ilivyo. Tulikubaliana kwamba Tanga tutaingilia kwenye kuchunguza, na kwamba hadi mwisho wa Februari hakuna atakayeruhusiwa kuandika kichwa cha utafiti.

Swali jingine, lililoulizwa kwa sauti ya chini ingawa wote walilisikia, lilihusu nauli na cheti. Nauli ya daladala itarudishwa. Cheti hakipo. Nimeliandika hapa kwa sababu ni swali la haki, na msimamizi anayelipuuza atashangaa viti vikianza kubaki vitupu. Tulichoweza kuwaahidi ni kwamba kila mmoja atawasilisha kazi yake katika jumuiya ya ujifunzaji ya shule yake, yaani walimu wa shule wanaokutana kujifunza pamoja, chini ya utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ili isionekane kuwa ni kazi ya ziada isiyo na mwenyewe.

Februari

Kila mwalimu alipewa kazi moja: achague kipindi kimoja kwa wiki, na mara baada ya kengele, kabla hajaingia ofisi ya walimu, aandike mambo matatu, yaani alichouliza au kuagiza, walichofanya wanafunzi, na kilichomshangaza. Halafu aje kikaoni na madaftari ya wanafunzi wake, yale yale ya kawaida, bila kuyachagua.

Madaftari yamesema mengi kuliko nilivyotarajia. Mwalimu wa kidato cha kwanza kutoka upande wa Makorora alikuwa ameandika mwezi uliopita kwamba wanafunzi wake wana makosa mengi ya sarufi. Tuliyatandaza madaftari yake juu ya meza mbili na nikamwomba ayapange upya, si kwa alama walizopata wanafunzi, kwa aina ya kosa. Alianza kwa kusitasita, kisha akaenda kasi. Rundo kubwa kupita yote likawa la sentensi za kukanusha wakati uliopita: “He did not went to the market”, na nyingine nyingi za mtindo huo. Wanafunzi wale wale, kurasa mbili nyuma, walikuwa wameandika “He went to the market” bila kosa lolote. Mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba kila Jumatatu huwakaririsha orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni. Orodha imewaingia barabara. Wameishika vizuri kiasi cha kuipeleka hata mahali isipotakiwa.

Hapo nilidhani tumeshapata tatizo lake. Yeye aliona jingine, na aliloliona lilikuwa bora zaidi. Akiendelea kufunua kurasa alionyesha sehemu ya masahihisho: kila sentensi aliyoipigia mstari na kuisahihisha kwa wino mwekundu ilikuwa imeandikwa upya na mwanafunzi kwa mwandiko safi, kwa usahihi, na mwalimu akaipa alama ya vema. Ukurasa uliofuata, kosa lile lile limerudi. “Masahihisho haya wananakili tu,” alisema. “Mimi nasahihisha hadi usiku, wao wananakili.” Tatizo lake lilikuwa limehama kutoka “wanafunzi wana makosa ya sarufi” hadi kwenye jambo analolifanya yeye kila wiki kwa mkono wake, linalomla muda, na ambalo hajui kama linamsaidia mtu. Sikumwongezea neno.

Februari, wiki ya mwisho

Nimetembelea darasa la kidato cha pili upande wa Pongwe, la yule mwalimu aliyeandika kuhusu uhaba wa vitabu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba uhaba wenyewe hawezi kuutafiti kwa faida, kwa kuwa jibu lake linajulikana na halimo katika uwezo wake. Nilitaka nione kinachotokea katika kipindi chenye vitabu vichache.

Kundi lililokuwa karibu nami lilikuwa la wanafunzi saba na kitabu kimoja. Kitabu kilikaa mbele ya msichana mmoja wa katikati. Wawili waliokaa ubavuni mwake walisoma kwa kuinamisha shingo. Wengine wawili wa pembeni waliacha kusoma baada ya aya ya kwanza, mmoja akaanza kuchora mistari kwenye jalada la daftari. Mvulana aliyekaa upande wa pili wa dawati, uso kwa uso na msichana yule, alikuwa akisoma maandishi yakiwa yamegeuka juu chini, kidole chake kikitembea kutoka kulia kwenda kushoto, na alipoulizwa swali la ufahamu alijibu sahihi. Mwalimu hakuwa amewahi kumwona akifanya hivyo, kwa sababu yeye husimama mbele, na kutoka mbele kundi zima huonekana limeinamia kitabu.

Baada ya kipindi tulizungumza chini ya mwembe wa shule, na safari hii hakuutaja uhaba. Alitaka kujua ni wanafunzi wangapi katika kila kundi wanaoyafikia maandishi kweli, na kama akibadilisha namna ya kuwaketisha, au akimpa kila mmoja kazi yake katika kusoma, hali itabadilika. Vitabu vitabaki vile vile. Tatizo sasa linaanzia pale uwezo wake unapoanzia.

Machi

Mwezi huu umekwenda kwa mwendo usio sawa, kwa kuwa walimu wana mitihani ya nusu muhula na baadhi ya vikao vimeahirishwa. Naandika habari za walimu watatu tu.

Wa kwanza ni mwalimu wa kidato cha pili kutoka Chumbageni, ambaye karatasi yake ya Januari ilisema kwamba wanafunzi hawajibu maswali kwa Kiingereza. Aliweka simu yake juu ya meza akarekodi kipindi chake mwenyewe, kwa ruhusa ya mkuu wa shule na baada ya kuwaeleza wanafunzi kwamba anajirekodi yeye. Tulisikiliza pamoja ofisini, wenzake wakiwa wameshaondoka. Swali linasikika, halafu kimya ambacho hakikutosha hata kumeza mate, halafu sauti yake mwenyewe ikitoa jibu. Swali jingine, na hali ni ile ile. Alirudisha nyuma mara kadhaa akitazama saa ya ukutani, kisha akasema kwa mshangao kwamba anajijibu mwenyewe.

Nilimweleza kuhusu Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani ambaye katika madarasa ya sayansi alikuta kwamba walimu kwa wastani husubiri takriban sekunde moja baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu huwa marefu na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Matokeo hayo yalichapishwa katika miaka ya 1970. Nilimtahadharisha pia kwamba hayo ni ya huko na ya somo jingine. Mtoto wa Chumbageni anayeulizwa kwa Kiingereza huenda analielewa swali, analitafutia jibu kwa Kiswahili, kisha analitengenezea sentensi ya Kiingereza, na haijulikani kazi hiyo inahitaji sekunde ngapi. Basi hilo likawa swali lake. Alitaka papo hapo aongeze muda wa kusubiri na pia awaruhusu wanafunzi wanong’onezane na jirani kwa Kiswahili kabla ya kujibu. Nilimshauri abadilishe jambo moja kwanza, maana akibadilisha yote mawili kwa pamoja na wanafunzi wakaanza kujibu, hatajua ashukuru lipi.

Wa pili ni yule mwalimu kijana wa nyimbo. Kichwa chake kilikuwa na dawa tayari, na maradhi hayakutajwa. Nilimuuliza nyimbo zitatibu nini, akajibu kwamba wanafunzi husahau msamiati. Msamiati upi, na wanausahau kwa namna gani? Hakuwa na jibu, na kwa heshima yake hakujaribu kulitunga. Aliporudi alikuwa amewapa wanafunzi imla fupi ya maneno aliyoyafundisha wiki mbili zilizopita, kisha akawauliza maana za maneno yale yale kwa mdomo. Maana walizikumbuka. Kilichowashinda ni tahajia, kwa sababu Kiswahili kimewazoesha kwamba neno huandikwa linavyotamkwa, na Kiingereza hakiwafanyii hisani hiyo. Wimbo hauonyeshi tahajia. Ameziweka nyimbo kando, kwa masikitiko yanayoeleweka, maana alikuwa ameshatunga mbili na nilimsikia akiimba moja, ni nzuri.

Wa tatu anafundisha darasa la sita upande wa Duga. Alilalamika kwamba wanafunzi hawafanyi kazi ya nyumbani, na sababu aliyoiandika ni uvivu. Alipowauliza mmoja mmoja, bila ukali, wengi walimwambia kwamba wakitoka shule huingia madrasa, na wakirudi nyumbani giza limeshaingia na kuna maji ya kuchota au mdogo wa kubeba. Mtu wa Tanga anayafahamu haya tangu utoto wake, na mwalimu huyu naye alisoma madrasa, lakini hakuwahi kuyaweka pamoja na zoezi la maswali kumi analoliandika ubaoni saa nane kasoro. Wenzake kikaoni walianza kujadili ratiba za madrasa na wajibu wa wazazi, na mjadala ukawa mtamu na usio na mwisho. Nilisubiri upoe, kisha nikamuuliza yeye anashika lipi kati ya hayo yote. Alisema anashika idadi ya maswali na dakika za mwisho za kipindi. Atatafiti kama maswali mawili yanayoanzwa darasani yatamalizika nyumbani zaidi ya kumi yanayoanzwa nyumbani.

Machi, mwishoni

Nimeombwa na msimamizi wa mradi nieleze vigezo ninavyotumia kulikubali au kulirudisha tatizo, ili vitumike pia kwa kundi la Muheza litakalofuata. Nimesita kuviandika kama orodha kwa sababu najua orodha itakavyotumika: mwalimu ataijaza kwa tiki na kurudi na uhaba wa vitabu. Ninachofanya hasa ni kumuuliza mwalimu lini aliliona tatizo hilo mara ya mwisho, na alikuwa amesimama wapi. Mwenye tatizo la kweli hujibu haraka, hutaja siku na mada na hata jina la mwanafunzi, ambalo namwomba asilirudie. Mwenye tatizo alilolisikia tu kwa wengine huanza na maneno “kwa ujumla”. Nikisikia hivyo, namrudisha darasani.

Jambo la pili ninalolitazama ni kama jibu tayari analo. Walimu wengi huleta tatizo wakiwa na hukumu mfukoni, na utafiti wao ukawa safari ya kwenda kuithibitisha. Mwalimu wa Makorora alinivutia kwa sababu hakujua kama masahihisho yanafaa au hayafai, na kila jibu, liwe la ndiyo au la hapana, lingembadilishia usiku wake. La tatu ni muda: kinachotafitiwa sharti kitokee mara nyingi ndani ya muhula. Mwalimu mmoja alitaka kutafiti matokeo ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, ambao hufanyika mara moja kwa mwaka. Atakapoyapata matokeo, wanafunzi waliohusika watakuwa darasa jingine.

Kuhusu maadili nimekuwa mkali kidogo, na tatizo lililonifanya niwe hivyo ni hili. Mwalimu wa kidato cha tatu, yule aliyeuliza kuhusu duru, alitaka kutafiti kibao kilichobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya walimu wa shule yake, kinachosema kwa Kiingereza kwamba asiyezungumza lugha hiyo hatahudumiwa. Vibao vya namna hiyo vimeenea katika sekondari nyingi nchini. Alishuku kwamba wanafunzi dhaifu, ambao ndio wenye maswali, wameacha kabisa kuja ofisini. Ni tatizo zuri, amelishuhudia, na anaweza kulihesabu. Lakini kibao ni cha shule nzima, si chake, na kuandika majina ya wanaokuja na wasiokuja kungeweza kumponza mwanafunzi. Tulizungumza kirefu. Mwisho akaamua kuutafiti mlango wake mwenyewe: atatenga meza yake katika maktaba mara mbili kwa wiki, ambapo mwanafunzi anaweza kuanza kuuliza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kiingereza, naye atarekodi aina za maswali bila majina. Mkuu wa shule ameridhia. Kibao kinaendelea kuning’inia, na mwenzetu anasema kwa kicheko kwamba yeye hajakigusa.

Aprili, likizo fupi

Mwenzangu katika mradi ametoa hoja ambayo inastahili kuandikwa kwa ukamilifu. Anaona kwamba tungeokoa wiki nyingi kama tungewapa walimu orodha ya matatizo ishirini yaliyokwisha kufikiriwa vizuri, kila mmoja achague linalomfaa. Anasema walimu wamechoka, vipindi ni vingi, wanafunzi ni wengi, na mtu aliyechoka husaidiwa kwa kupunguziwa kazi. Hoja yake ina uzito, hasa kwa wale walio na vipindi zaidi ya ishirini na tano kwa wiki.

Sikukubaliana naye, na sababu yangu imetoka katika yale tuliyoyaona Februari. Kama mwalimu wa Makorora angepewa orodha, angechagua “makosa ya wakati uliopita”, nasi sote tungempongeza. Masahihisho yasingeingia katika orodha ya mtu yeyote, kwa kuwa hakuna aliyeyashuku, hata mimi niliyekuwa natazama kurasa zile zile. Tumefikia mwafaka wa kati: mwalimu akishapata tatizo lake ndipo aonyeshwe mifano ya wengine, ili alinganishe ukubwa na namna ya kuliandika, na yeyote ambaye hajapata hadi katikati ya Mei ataruhusiwa kuanza na mfano wa mwenzake.

Mei

Sasa ruhusa ya kuandika imetolewa, na kazi ya mwezi huu imekuwa ya kuandika swali la utafiti. Nilidhani itakuwa nyepesi baada ya yote yaliyotangulia. Imekuwa na ugumu wake, kwa sababu kalamu ikishikwa lugha ya tasnifu hurudi yenyewe. Mwalimu wa Pongwe, ambaye kwa mdomo alieleza vizuri kabisa habari ya wanafunzi wasioyafikia maandishi, alileta karatasi yenye “tathmini ya ufanisi wa mbinu shirikishi katika ujifunzaji wa stadi ya kusoma”. Nilimwomba anisimulie tena kama alivyonisimulia chini ya mwembe, nami nikaandika anavyosema. Ilitoka hivi: “Nikiwaketisha wanafunzi upande mmoja wa kitabu, na kila mmoja akawa na swali lake la kutafutia jibu, je, wale wa pembeni wataendelea kusoma hadi mwisho?” Aliisoma, akauliza kama inaruhusiwa kuandika “nikiwaketisha”. Inaruhusiwa. Utafiti huu ndio mahali pa nafsi ya kwanza.

Tumepunguza pia fomu ya pendekezo la utafiti. Iliyopendekezwa mwanzo ilitaka mapitio ya maandiko ya kurasa tano, na sioni mwalimu wa Kiingereza mwenye mikondo mitatu akiyapata wapi maandiko hayo wala muda wa kuyasoma. Iliyopitishwa ina swali, maelezo ya kipindi kimoja ambamo tatizo lilionekana, kitu kitakachobadilishwa, ushahidi utakaokusanywa, na jina la mwalimu mwenza atakayekaa nyuma ya darasa. Kuhusu ushahidi tumesisitiza vile vinavyopatikana bila kuunda kazi mpya, yaani madaftari, maandishi mafupi ya baada ya kipindi, na sauti ya mwalimu mwenyewe. Dodoso limeombwa na wengi na nimelikataa kwa wengi. Mwanafunzi akiulizwa na mwalimu wake kwa maandishi kama anapenda somo, atajibu ndiyo.

Juni, kabla ya kufunga shule

Walimu wengi sasa wana swali ambalo wameliandika wenyewe na wanaweza kulieleza bila karatasi. Wawili wamejitoa, mmoja kwa uhamisho na mwingine kwa sababu ya majukumu ya taaluma shuleni kwake. Wachache wamechukua tatizo la mwenzao, kama tulivyokubaliana Aprili, na hakuna ubaya: wawili wanaofundisha shule moja watatafiti wote masahihisho, mmoja akiendelea kuandika sentensi sahihi na mwingine akiweka alama tu pembeni mwa mstari ili mwanafunzi alitafute kosa mwenyewe. Nimewakumbusha kwamba madarasa yao hayafanani na hawapaswi kuyashindanisha.

Amebaki mwalimu mmoja wa kidato cha nne ambaye tangu Januari anasema, kwa dhati na bila majivuno, kwamba darasa lake halina tatizo. Maandishi yake ya baada ya kipindi ni mafupi, na katika sehemu ya kilichomshangaza huandika “hakuna”. Sikutaka kumbandika tatizo. Tumekubaliana aanze muhula ujao kama mwalimu mwenza, akae nyuma ya darasa la mtu mwingine na kuandika kile anachokiona, kisha arudi kwenye lake. Ameomba kuanza na yule wa Chumbageni, Jumanne ya pili baada ya shule kufunguliwa Julai, na mkuu wake wa shule ameshambadilishia vipindi vya siku hiyo.